Presha

Ndoo ya lita ishirini, jikoni kwangu, Cheyo,
imejaa kwa dakika kumi na nne.
Nimeipima kwa saa ya marehemu,
ile ya reli, isiyochelewa hata treni ikichelewa.
Kwa Bi Mwamvua, ukuta kwa ukuta nami,
dakika tatu, na povu juu.

Kila mtu ana jibu.
Shemeji: ni mamlaka, wanabana maji.
Kijana wa dukani: nunua pampu, mama, ninayo.
Jirani wa nyuma aliapa ubovu uko kwenye tangi,
na tangi sina.

Nikamwita Nshoma, aliyesomea bomba VETA.
Akaja na spana mbili, karanga mfukoni.
Hakugusa kitu. Kwanza aliuliza:
ni koki zote au moja? Ni asubuhi au kutwa?
Nikajibu kama niko zahanati:
zote. Kutwa.
Tangu lini?
Hapo nikanyamaza. Mwenye kujua koki
alikuwa yeye, mimi nilijua chumvi.

Akafungua koki ya nje, kando ya mita,
maji yakaruka yakamlowesha hadi magoti.
"Barabarani hakuna ugonjwa," akasema, akitafuna.
"Mamlaka hawana kesi. Mgonjwa yuko ndani ya uzio wako."

Tukalifuata bomba kwa miguu, tukiinama, tukigonga,
mpaka kona ya choo, kwenye debe la mchicha.
Tulipolisogeza: kifuniko cha bati,
chini yake shimo, shimoni valvu,
na kwenye mpini wa valvu kitambaa cha bluu,
shati la reli,
kimefungwa fundo lake, lile la kuzungusha mara mbili
alilofungia mizigo yote ya ndoa yetu.

Valvu ilikuwa wazi robo tu.

Nshoma akacheka. "Basi, mama, nilipe soda."
Akakata fundo
(nilitaka kusema fungua, usikate)
akazungusha mpini hadi mwisho.
Nyumba ikakohoa. Koki ikatema kutu,
kisha maji, maji yenye mabega,
maji yaliyoingia na viatu.
Nikapiga kigelegele peke yangu, mjane mzima.

Halafu ukuta wa bafuni ukaanza kutoka jasho.

Bomba la chuma, la enzi za baba mkwe.
Nshoma alilikata kwa msumeno akanipa kipande:
ndani, ukoko wa kutu kama wa ugali sufuriani,
tundu la kupitisha kidole cha mwisho,
na kwenye kiungo, ufa
uliozibwa kwa katani na rangi ya dirisha letu.

Ndipo nikaelewa.
Maji ya Ziwa Viktoria yalipofika Tabora kwa kishindo
na mabomba kupasuka mtaa mzima,
sisi hatukupasuka. Nilidhani ni dua.
Kumbe mtu mwenye presha ya kupanda,
aliyemeza vidonge gizani nisisikie karatasi,
aliishusha ya nyumba kwa mkono wake,
akaweka mchicha juu, akanyamaza.

Nami miaka miwili: "Hata koki inakushinda, Kapela?"
Naye, bila kugeuka:
"Haba na haba, mama Tatu. Ndoo itajaa."

Siku mbili za kuchimba. Mita tisa za plastiki.
Elfu sitini na nne, na ile soda.
Chuma kimekwenda kwa wanunuzi wa chakavu
ila kipande kimoja, kiko kabatini na saa.
Kitambaa nimekirudisha kwenye mpini;
fundo langu halishiki, kila wiki nalirudia.

Ndoo sasa ni dakika tatu na nusu.
Hiyo nusu, anasema Nshoma, ni kona ya jikoni,
chuma cha mwisho kilichobaki, kazi ya saa moja,
ataniondolea bure.

Nimemwambia aiache.